Bomba la Moshi na Turbo za Pikapu Zetu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Katika siku ya furaha kama hii, hapana shaka wengi walitazamia kwamba tutasema habari za bei, au za mizani, au za malipo ya pili. Habari hizo wenzetu wamekwisha kuzieleza vema. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya kitu ambacho kila mtu hukiona lakini wachache hukitazama, nacho ni lile bomba la moshi lililo chini ya pikapu zetu za dizeli, pamoja na chombo kiitwacho turbo ambacho bomba hilo limefungwa nacho.

Huenda mtu akauliza: mkulima wa kahawa ana shauri gani na bomba la moshi? Jibu letu ni hili. Pikapu hizi si mali ya dereva, wala si mali ya Katibu, wala si mali ya Mwenyekiti. Zilinunuliwa kwa senti zilizokatwa katika kila kilo ya kahawa iliyopimwa. Ndizo zinazobeba mizani, magunia, mbolea na dawa hadi vituo vya mbali ambako lori haliwezi kupanda. Pikapu ikisimama, kituo husimama. Na gharama ya kuifufua hutolewa katika fungu lile lile ambalo lingaligawiwa kuwa malipo ya pili. Basi kila shilingi inayotoka nje kwa bomba hilo pamoja na moshi, hutoka mfukoni mwa mwanachama.

Siku hizi imezuka desturi ya kuzikatakata bomba hizi. Sailensa huondolewa, au bomba la kiwandani hutupwa na kuwekwa lingine nene, au kichujio cha masizi hupasuliwa na matumbo yake kutolewa. Wanaofanya hivyo husema mambo matatu: kwamba gari litapata nguvu, kwamba litakula dizeli kidogo, na kwamba litanguruma kama simba. Twapenda kuyapima maneno hayo kwa haki, kwa kuwa yana ukweli kidogo ndani yake, na ukweli kidogo ndio unaowapoteza watu.

TURBO NI NINI

Injini ya dizeli hupata nguvu kwa kuunguza dizeli pamoja na hewa. Kama hewa ni chache, hata ukiongeza dizeli, haitaungua yote, bali itatoka nyuma kuwa moshi mweusi. Turbo ni chombo cha kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeweza kuivuta yenyewe. Aliyeibuni ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ambaye alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905.

Ndani yake mna magurudumu mawili madogo yenye mapezi, mfano wa pangaboi, yaliyoshikwa na shafti moja. Moshi wa moto utokao katika injini huligonga gurudumu la kwanza na kulizungusha. La pili, likizungushwa na shafti ile ile, huvuta hewa safi kupitia filta, huibana, na kuisukuma kwenda katika injini, aghalabu kwa kupitia rejeta ndogo ya kuipoza. Kwa hiyo turbo haili dizeli ya peke yake. Huokota nguvu ambayo ingalitupwa nje.

Mwendo wake ni wa kustaajabisha. Injini ya pikapu ikizunguka mara 3,000 kwa dakika twasema inakwenda mbio. Turbo yake ndogo huweza kupita mara 150,000 kwa dakika, yaani mara 2,500 katika sekunde moja. Na shafti hiyo huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili. Chombo kiendacho mbio hivyo, kilichoshikwa na oili nyembamba hivyo, na kuchomwa na moshi ambao chini ya mzigo mzito huweza kupita nyuzi 700 za Selsiasi, hakitaki mzaha.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba si kila pikapu ina turbo. Land Cruiser nyingi zijulikanazo huku zina injini ya 1HZ, ambayo kiwandani haikupewa turbo. Hilux zenye injini ya 2GD-FTV ya lita 2.4 zinayo. Shauri lililomfaa mwenye gari la kwanza laweza kumwangamiza mwenye gari la pili.

BOMBA LILILOFUNGULIWA MNO

Tuanze na ukweli wao. Turbo haihitaji msongamano nyuma yake. Moshi ukisha kulipita gurudumu, kadiri unavyopata njia nyepesi ya kutoka, ndivyo gurudumu linavyoshika mwendo upesi zaidi. Basi ni kweli kwamba bomba pana laweza kuifanya turbo iamke mapema. Wale wasemao kwamba lazima moshi uzuiliwe nyuma ili turbo ifanye kazi wamekosea, na sisi hatutasimama upande wao.

Lakini faida hiyo ni ndogo katika pikapu ambayo haikuguswa mahali pengine, kwa sababu bomba haliongezi dizeli. Kadiri ya dizeli hupimwa na pampu, au na kompyuta ya injini. Mwenye gari hulipa fundi, husikia mngurumo mkubwa, naye hudhani kwamba mngurumo ndio nguvu. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Akikuta kilima ni kile kile na gari ni lile lile, hurudi kwa fundi, na fundi huongeza dizeli, ama kwa kugeuza skrubu ya pampu, ama kwa kubadili programu ya kompyuta. Hapo ndipo hatari ya kweli inapoanza. Dizeli ikizidi hewa, moshi huwa mweusi na joto hupanda. Pistoni za injini hizi hufanywa kwa mchanganyiko wa alumini, na alumini tupu huyeyuka katika nyuzi 660. Pistoni huokoka kwa sababu hupozwa na oili na kwa sababu moto mkali hauzidumii. Ukilazimisha joto lipande na kudumu katika mlima mrefu, unazinyang'anya ulinzi wao. Mapezi ya turbo nayo huchomwa na moshi huo huo.

Kuna jambo la pili. Turbo nyingi za zamani zina kilango cha pembeni ambacho hufunguka hewa ikifikia kipimo, ili sehemu ya moshi ipite kando bila kuligonga gurudumu. Wenye kiwanda walikipima kilango hicho pamoja na bomba walilolifunga wao. Bomba likifunguliwa mno, moshi mwingi huendelea kupita katika gurudumu, kilango kikashindwa kuupunguza, na hewa ikazidi kipimo. Gurudumu huzunguka kupita kiasi, beringi hulika, na mapezi huweza kupasuka.

Katika turbo za siku hizi mna vibapa vidogo vinavyogeuka kwa amri ya kompyuta. Hapo kompyuta ikiona hewa imezidi ile iliyotazamiwa, na ikajaribu kuirekebisha bila kufaulu, huwasha taa na kupunguza dizeli ili kuilinda injini. Gari hukataa kuchanganya. Mwenyewe husema turbo imekufa, akanunua nyingine, naye hakujua kwamba ile aliyoitoa ilikuwa nzima, na ugonjwa uko katika bomba alilolikata.

Sisi wa milimani tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Katika mwinuko wa meta 1,500 mgandamizo wa hewa hupungua kwa kadiri ya sehemu 15 katika 100 kuliko pwani. Turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuipatia injini hewa ile ile. Kwa maneno mengine, pikapu yetu ikipanda vituo vya juu na mzigo, turbo yake imekwisha kuwa karibu na mpaka wake kabla fundi hajagusa kitu.

BOMBA LILILOZIBA

Upande wa pili una maovu yake, nayo hayapigi kelele. Jiwe hulipiga bomba likabonyea. Sailensa kuukuu huoza ndani, bati lake likaanguka na kuziba njia. Fundi asiye na bomba la kipimo huweka alilo nalo. Bomba la kiwandani likiwa la inchi 2½ na yeye akaweka la inchi 2, watu husema amepunguza nusu inchi tu; kumbe hesabu ya duara husema kwamba nafasi ya kupita moshi imebaki sehemu 64 katika 100.

Moshi ukikosa njia, hurudi nyuma. Turbo huchelewa kuamka, dizeli huzidi kuliwa, joto hupanda, na moshi hujipenyeza penye shafti ukaikaanga oili hata ikawa makaa. Dereva huona gari zito, naye hukanyaga zaidi. Katika hali hiyo turbo hufa kimya kimya, na lawama hupewa kiwanda.

Pikapu za miaka ya karibuni huweza kuwa na kichujio cha masizi katika bomba. Kichujio hicho hujisafisha kwa joto, na gari liendalo safari fupi fupi halipati joto la kutosha, ndipo kinapoziba. Dawa yake ni kulipatia gari safari ndefu yenye mwendo wa namna moja, kama kitabu cha gari kinavyoagiza, na kutumia dizeli na oili inayokubaliwa. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 dizeli isiwe na salfa kupita sehemu 50 katika milioni; basi kununua dizeli ya madumu kando ya njia, isiyojulikana itokako, ni kuitupa faida hiyo. Kukipasua kichujio si dawa. Nchini Marekani desturi hii imeenea sana, na Novemba 2020 idara ya serikali yao ya kulinda mazingira ilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vyombo vya kusafishia moshi katika muda wa miaka kumi. Wingi wa wafanyao jambo haulifanyi kuwa jema.

UZITO UNAONING'INIA

Lipo kosa la tatu, nalo ndilo tulionalo mara nyingi zaidi. Bomba la kiwandani lina kipande chenye mikunjo kiwezacho kucheza, na hushikwa na mipira ya kuning'inizia, kwa kuwa injini hutikisika wakati fremu ya gari imetulia. Fundi wa kuchomelea, kwa nia njema, hukikata kipande kile akaunga chuma kimoja kigumu. Tangu saa hiyo uzito wote wa bomba na mtikisiko wote wa barabara huning'inia kwenye turbo.

Twatoa mfano mmoja, bila kutaja chama wala mtu. Pikapu ya chama kimoja cha msingi ilibadilishwa bomba namna hiyo kabla ya mavuno. Dereva wake alikuwa mtu mwaminifu, alitaka gari lipande mlima upesi ili wakulima wasingoje. Wiki za kwanza kila mtu alilisifu. Kisha ikasikika sauti kama filimbi penye injini. Boliti zililegea, gasketi ikaungua, na moshi ukawa unavuja kabla ya kulifikia gurudumu. Moshi uliovuja haufanyi kazi. Gari likapoteza nguvu zaidi ya hapo mwanzo. Dereva akalazimisha, na mwisho nyumba ya turbo ikapasuka. Ilikuwa katikati ya msimu. Kahawa ya maganda ilikaa kituoni, magari ya watu yakakodiwa, na gharama yake ikaandikwa katika daftari la wanachama wote, hata mama mjane aliyeleta kilo 12 tu na ambaye hakupata kuipanda pikapu hiyo hata siku moja.

Halmashauri ya chama kile ilipouliza ni nani aliyetoa ruhusa, hakupatikana. Dereva alidhani kwamba fundi anajua. Fundi alidhani kwamba dereva ametumwa. Katibu wao alidhani kwamba ni matengenezo ya kawaida. Ndugu Wanachama, hilo ndilo tatizo hasa, kuliko chuma chenyewe. Mali ya wote isipokuwa na mlinzi hugeuka kuwa mali ya yule aliye karibu nayo.

MOSHI NA PUMZI ZETU

Hatuwezi kulimaliza jambo hili bila kutaja afya. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kuwaletea watu saratani. Bomba lililokatwa chini ya kiti hupeleka moshi ndani ya gari na kwa watu waketio nyuma juu ya magunia. Watu hao ni vibarua wetu, na mara nyingine ni wagonjwa tuwapelekao zahanati usiku. Bomba lazima lifike mwisho wa gari, na moshi mweusi usihesabiwe kuwa dalili ya nguvu. Ni dizeli yetu iliyolipiwa, ambayo haikufanya kazi.

YATUPASAYO

Kwa hayo yote, twaiomba Mikutano Mikuu ya Vyama vya Msingi ikubali mambo matano, nayo yaandikwe katika kanuni za magari.

Kwanza, bomba la moshi, turbo, pampu na kompyuta ya injini visibadilishwe pasipo idhini iliyoandikwa na Halmashauri, baada ya kusikia shauri la fundi wa injini, wala si la fundi wa kuchomelea peke yake.

Pili, bomba likiharibika, liwekwe lenye upana ule ule wa kiwandani, pamoja na kipande chake kinachocheza na mipira yake yote. Fundi asipokuwa nalo, na tungoje au tuagize mjini. Kungoja siku tatu ni nafuu kuliko kununua turbo.

Tatu, gari likikosa nguvu, lisikatwe kitu. Litazamwe kwanza filta ya hewa, kwa kuwa vumbi la barabara zetu ni adui mkubwa wa mapezi. Kisha hosi za hewa kama zimepasuka. Kisha gasketi iliyo kati ya injini na turbo. Kisha bomba kama limebonyea au kuziba. Mara nyingi ugonjwa hupatikana kabla ya kulifikia bomba.

Nne, oili ibadilishwe kwa wakati, na iwe ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Injini ikiwashwa asubuhi isikanyagwe papo hapo, bali oili ipewe nafasi ya kufika penye shafti. Baada ya kupanda mlima na mzigo, isizimwe ghafula, bali iachwe ingurume polepole dakika moja au mbili. Ikizimwa na moto wake, oili iliyobaki ndani huungua na kuwa makaa.

Tano, kila pikapu iwe na daftari, na kila aliyelala chini yake na spana aandike alichokifanya na siku aliyokifanya. Mwanachama yeyote awe na haki ya kulisoma daftari hilo, kama alivyo na haki ya kusoma daftari la mizani.

Kwa madereva wetu twasema: msidhani kwamba tumesimama hapa kuwashitaki. Ninyi ndio mnaozijua barabara hizi wakati wa masika, nanyi ndio wa kwanza kusikia gari likibadili sauti. Twawaomba mlete habari mapema, nasi Makatibu tuzipokee bila hasira. Dereva anayeogopa kusema huwa dereva anayekwenda kwa fundi wa kichochoroni.

Ndugu Wanachama, tangu Chama Kikuu cha Kilimanjaro, yaani KNCU, kilipoandikishwa mwaka 1933, kazi ya ushirika wa kahawa katika nchi yetu imekuwa ile ile: kupunguza kinachopotea njiani kati ya shamba na soko, ili kinachobaki kimrudie mkulima. Wazee wetu walipambana na mizani ya uongo na wachuuzi wajanja. Sisi tumepewa kupambana na hasara ndogo ndogo zisizo na jina, ambazo hakuna mwizi wa kuzishitaki. Pikapu iliyotunzwa vizuri huweza kututumikia katika miaka kumi mingine. Iliyokatwakatwa huenda isiione misimu miwili.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tuliziunganisha senti zetu tukanunua magari. Basi na tuunganishe macho yetu tuyalinde.

Ushirika udumu!